Orodha ya Waliofika

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kusoma vifo. Nilisoma pia kadi za mpigakura zilizopotea, mbuzi waliokamatwa katika shamba la mtu, mikutano ya kanisa na siku za chanjo, lakini mji wa Bunia haukunijua kwa mbuzi. Ulinijua kwa vifo. Katika redio yetu ndogo vifo ndivyo vilivyokuwa vikitangulia, saa kumi na moja jioni, na sauti iliyovisoma ilikuwa yangu.

Aliyekulia hapa anajua jinsi kipindi kile kinavyosikilizwa. Wimbo wake ukianza, fundi cherehani anaondoa mguu kwenye pedali. Mama anayesonga bugali anauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. Watu hawasikilizi ili wapate habari, wanasikiliza ili wahakikishe kwamba jina la kwao halimo. Tangazo la mwisho likishapita, mwiko unazunguka tena.

Tangazo lenyewe lina utaratibu wake. Familia inaleta karatasi iliyoandikwa kwa mkono, watu wa mapokezi wanaigonga muhuri, kisha mimi naisoma mara mbili: marehemu ni nani, matanga ni wapi, na jamaa gani wanaombwa wapate habari, wa Irumu, wa Kasenyi, wa ng'ambo ya ziwa kule Uganda. Mara ya kwanza watu hawaamini. Mara ya pili ndipo wanapoanza kulia.

Kazi hiyo ilinipa uso wa matanga. Nikienda kwa jirani kuomba chumvi, mama wa nyumba alishika kichwa kwanza kabla ya kuniitikia. Jumamosi moja nilikwenda sokoni Nyakasanza, na mwuza nyanya aliponiona nimesimama mbele ya meza yake akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nani amekufa? Sema mbio, usinifiche!"

"Hapana mama. Nilikuja tu kununua tomate."

"Tomate?" Alikaa chini, mkono kifuani. "Weye, siku ingine utume mutu. Hii roho yangu haiko ya kuchezea."

Wenzake walicheka hadi wakafuta machozi kwa vitenge. Nami nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani na zile nyanya nikiwa nimeumia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na tayari watu walinikwepa njiani kama jeneza.

Lazima niseme pia kwamba mimi mwenyewe ni mwoga, tena si kidogo. Nilikulia katika mji huu, miaka ya vita ambayo mama alitufundisha kulala viatu vikiwa karibu na kichwa, ncha zake zikitazama mlango. Hadi leo viatu vyangu vinalala hivyo. Simu ikiita wakati mtu wangu yuko njiani, naiacha iite mara tatu ili nimwombe Mungu kwanza. Husemwa kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu kicheko hakikuja mara nyingi, lakini tulibaki wazima, na mimi sijawahi kuona aibu kwa hilo.

Hata hivyo woga wangu mkubwa mwaka ule ulikuwa wa kufukuzwa. Nilikuwa stajeri, yaani mtu anayefanya kazi ya kila mtu na hana kontra, ule mkataba wa kazi, ya mtu yeyote. Tulikuwa mastajeri watatu. Mkurugenzi wetu, mzee mwenye sauti nzito aliyeanza kusoma habari kabla sijazaliwa, alituita ofisini, akavua miwani, na alipovua miwani sote tulijua si neno dogo.

"Musikilize muzuri. Mwisho wa trimestre, hii miezi tatu, kontra iko moja. Kila mutu alete kitu mupya kwenye antene. Mwenye hana kitu, tutamushukuru."

Kushukuriwa, katika ofisi za kwetu, ni kufukuzwa kwa upole. Nilitoka pale nikihesabu wiki zilizobaki. Yule wa michezo alikuwa tayari na mawazo matatu, na yule wa muziki alikuwa na marafiki wanaoimba. Mimi nilikuwa na marehemu wangu.

Wiki iliyofuata ikaja semina. Mama mmoja mkufunzi alitumwa kutoka Kinshasa kutufundisha ubunifu kazini. Alikuja na vikaratasi vya rangi, akavibandika ukutani, akatuambia kila mmoja aandike kitu kinachompa moyo katika kazi yake. Wa michezo aliandika vinne. Mimi nilishika kalamu mpaka ikapata jasho, kisha nikaandika: wimbo wa mwisho wa kipindi. Watu walicheka. Mkufunzi hakucheka. Alinijia wakati wa chai akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kama hakuna kinachokupa moyo, basi niambie kinachokuogopesha. Anzia hapo."

Nilirudi nyumbani nikifikiri kwamba mama huyu hajui anachosema, maana kama kazi ingejengwa kwa woga, mimi ningekuwa waziri. Lakini swali lilikataa kuondoka. Ninaogopa nini? Ninaogopa barabara. Ninaogopa ile saa kati ya mtu kupanda gari Kasenyi, kule ziwani, na mtu kuingia mlangoni, kwa sababu kwenye kile kilima cha kutoka ziwani mtandao wa simu unakufa, na siku nyingine watu pia. Mji mzima unaogopa saa hiyo hiyo. Sasa, redio inayosema kila jioni nani amekufa, kwa nini haisemi nani amefika?

Nilisimama katikati ya chumba. Sijui kama ndivyo wengine wanavyopata mawazo. Langu lilinijia likiwa limevaa nguo za hofu yangu mwenyewe, na bado lilikuwa zuri.

Kesho yake nilikwenda kwenye kituo cha magari ya Kasenyi, ambacho sisi tunakiita paking. Mkuu wa paking alikuwa mwanamume mnene aliyekaa juu ya kreti la bia na daftari mapajani. Kila gari likiondoka Kasenyi, mwenzake wa kule anampigia simu na kumtajia abiria mmoja mmoja. Likifika Bunia, anapiga alama. Nilimweleza wazo langu: kila siku saa kumi na nusu anisomee waliofika, nami niwatangaze kabla ya vifo.

Alifurahi kuliko nilivyotarajia.

"Ni Mungu amekutuma. Ile gari ikichelewa kidogo tu, bamama banakuja hapa, banasimama, bananipigia kelele. Kelele! Kelele mpaka niamuke nitume bamotari na pikipiki yabo bende kuangalia njiani. Kila siku vile. Weye ukisema mu redio, batabakia kwabo, na mimi nitapumuzika."

Nilicheka na kumwahidi mapumziko. Kumbe nilikuwa nimesikia jambo muhimu kuliko yote na sikulisikia.

Kipindi kilianza Jumatatu. Nilitafuta wimbo wa kinanda wenye furaha, na baada yake nikasema: "Hawa wamefika." Nikasoma majina kumi na saba, mara mbili, kwa utaratibu ule ule wa marehemu. Sauti yangu ilitetemeka kwa sababu sikuwa nimezoea kusoma watu walio hai. Ijumaa ya wiki ile nilipita sokoni, na yule mwuza nyanya akaniita kwa mbali, akaniongezea nyanya mbili juu ya fungu langu, akasema mdogo wake alisomwa Jumatano na familia nzima ilipiga vigelegele. Watu walianza kunisalimia. Watoto waliniita Mama Wamefika. Ilifika mahali abiria wenyewe wakifika wanamwuliza mkuu wa paking kama jina limeandikwa sawasawa.

Mkurugenzi aliniita tena, na safari hii miwani ilibaki usoni. Aliniambia kontra inaandikwa, ila mkufunzi wa Kinshasa atarudi kuona kazi zetu kabla ya kuitia sahihi. Nilimshukuru hadi nikajikwaa kwenye zulia lake. Tangu siku ile nilianza kuogopa upya, maana asiye na kitu anaogopa kidogo tu, lakini aliyekaribia kupata analala jicho moja wazi.

Katika waliokuwa wakisomwa mara kwa mara alikuwemo mtoto wa jirani yangu. Mama huyo ni mjane, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa matete, na huyo ndiye mtoto pekee aliyembakia. Kijana alikuwa anashuka Kasenyi mara mbili kwa wiki kununua makayabo, samaki wa chumvi, na kuyapandisha sokoni. Siku za safari yake, mama aliweka beseni la maji mlangoni ili mwanawe anawe miguu akifika. Beseni likiwa limejaa, hakai, hali, hamjibu mtu vizuri. Mwanawe akishafika, anamwaga maji na kuliegemeza beseni ukutani. Nilizoea kulitazama beseni lile kila nikipita.

Mkufunzi alirudi siku ya mvua. Ilianza kabla ya adhuhuri na haikuwa na nia ya kuacha. Saa kumi na nusu alikuwa amekaa studio, kwenye kiti cha nyuma yangu, daftari lake jeupe magotini, na mkurugenzi kando yake akitabasamu kama baba wa bibi harusi. Nikampigia mkuu wa paking.

"Shefu, nipatie bale bamefika."

"Leo bako batatu tu. Mvula imeharibu kila kitu."

Watatu. Orodha yangu haikuwahi kuwa chini ya kumi. Nilisikia kalamu ya mkufunzi ikigonga daftari.

"Na ile gari ya saa sita?"

"Iko njiani. Ilitoka Kasenyi na batu tisa. Iko inapanda mulima, itafika tu."

"Itafika saa ngapi?"

"Itafika tu, ninakuambia. Mbele ya kumaliza kusoma itakuwa hapa. Andika, niko na majina."

Nataka kusema ukweli juu ya dakika ile, kwa sababu nimeisimulia mara nyingi nikijipunguzia kosa. Nilijua. Sikudanganywa na mtu. Niliyasikia maneno "iko njiani" kwa masikio yangu mawili, mimi ninayeogopa njia kuliko kitu chochote. Hapa kwetu hatusemi mtu amefika mpaka amevua viatu. Hata mtoto mdogo ukimwuliza baba yake anarudi lini, anajibu Mungu akipenda. Lakini mgongoni kwangu kulikuwa na daftari jeupe, na majina matatu yalionekana kama aibu. Nikaandika tisa chini ya matatu. La tano lilikuwa la mtoto wa jirani yangu. Kalamu ilisita hapo, kisha ikaendelea.

Wimbo wa kinanda ukapigwa. Nikasema: "Hawa wamefika." Nikasoma kumi na wawili, mara mbili, kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuwa nayo. Mkufunzi alinishika bega na kusema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta miaka yote. Mkurugenzi alicheka kwa sauti yake nzito.

Nilipotoka nilimpigia tena mkuu wa paking. Mtandao haukuwepo. Nikapiga mara nane. Mvua ilikuwa imeangusha kitu fulani mahali fulani, na hakuna aliyejua kitarudi lini. Nikajiambia gari limeshafika. Nikajiambia hivyo hadi nyumbani, na usiku ule sikuvua viatu kabisa.

Asubuhi mvua ilikuwa imeacha. Nilitoka, na kitu cha kwanza macho yangu yalichotafuta ni beseni. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu. Nikamsifu Mungu kwa sauti, na jirani yangu akanisikia, akatokea mlangoni akitabasamu, uso wake umenyooka kama wa mtu aliyetoka mapumziko marefu.

"Uliamka aje, mama?"

"Muzuri kabisa, mutoto yangu. Nililala! Tangu jua inazama mpaka sasa."

"Na kijana wetu?"

"Huyu atakuwa amelala kwa shangazi yake kule mjini, mvula ilimuzuia. Nilisikia tu sauti yako, wamefika. Nikamwaga maji, nikafunga mulango."

Nakumbuka nilikuwa nimeshika matete ya ua na kwamba yalinikata kiganja. Hakumwaga maji kwa sababu ya mwanawe. Aliyamwaga kwa sababu yangu. Nikaondoka pale kwa mwendo wa kawaida ili asishtuke, na nilipopita kona nikakimbia, tope lote la Nyakasanza likirukia sketi yangu.

Paking ilikuwa kimya. Mkuu alikuwa juu ya kreti lake, daftari limefungwa.

"Shefu, ile gari."

Hakuniangalia. "Haiyafika."

"Na bamotari? Ulituma nani?"

"Nitume nani? Jana hakuna mutu alikuja hapa. Hata mama moja. Mi nilikaa, nikangojea kelele, kelele hakuna. Nikasema labda ilipita, ikateremushia batu mu kartié, karibu na kwabo, sikuiona. Redio si ilisema?"

Redio ilikuwa mimi. Na ile taarifa aliyoiamini ilitoka kinywani mwake mwenyewe, ikapita kwangu, ikamrudia ikiwa imevaa suti. Hapo ndipo nilipoelewa zile kelele zilikuwa kazi gani. Wale wamama waliokuwa wakisimama pale kila jioni kumsumbua mtu mnene juu ya kreti, hofu yao ndiyo iliyokuwa ikituma pikipiki kilimani. Hakuna ofisi mjini inayofanya kazi hiyo. Mimi, kwa wazo langu jipya, niliwatuliza wote, na hofu ilipolala hakuna aliyekwenda kutafuta.

Nilianza kupiga kelele pale pale, peke yangu, bila maneno. Watu wakatoka madukani. Ndani ya nusu saa jamaa wa abiria tisa walikuwa wamejaa paking, jirani yangu akiwa mbele, kitenge kimelegea na uso ule ulionyooka umekunjamana tena. Alinitazama mara moja tu. Pikipiki nne ziliondoka kuelekea ziwani.

Kungojea kule singemtakia hata adui yangu. Nilianza, bila kutaka, kupanga kichwani jinsi nitakavyosoma: mahali pa matanga, jamaa wanaoombwa wapate habari. Sauti yangu ya kazi ilikuwa inayajaribu maneno yale ndani yangu kwa jina la mtoto wa mwanamke aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu. Niliziba masikio, na haikusaidia.

Walirudi kabla ya saa nne. Wote tisa pamoja na dereva wao, wazima, wamepakiwa wawili wawili na watatu watatu, rangi yao moja kwa tope. Mtoto wa jirani alikuwa hana viatu na mguu wake mmoja umefungwa kwa shati. Mama yake alimpapasa kichwa, mabega, mikono, akimhesabu viungo. Kisha kijana akasimulia. Gari lilikwama kwenye tope katikati ya kilima, na wakiwa wanalisukuma wakasikia risasi upande wa juu. Dereva akasema kila mtu aokoe roho yake. Wakatawanyika kwenye majani marefu, wakalala kifudifudi ndani ya mvua. Mmoja wao alikuwa na kiredio kidogo cha betri mfukoni, akakiwasha taratibu sikioni ili ajue kama kuna habari ya vita.

"Tulisikia majina yetu," kijana alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Yule mwenye redio akatuambia, munyamaze, banatusoma. Banasema tumefika. Pale njo tukajua hakuna mutu atakuja."

Nilitaka ardhi inimeze. Watu walikuwa na haki ya kunipiga, na kwa kweli ningependelea wanipige. Jirani yangu ndiye aliyenijia. Alisimama karibu sana, akasema kwa sauti ya chini.

"Tangu bwana yangu afariki, sijalala usiku muzima. Jana nililala. Mutoto yangu iko mu majani, banapiga masasi, na mimi niko nalala, niko naota. Usinipatie tena usingizi yenye haiko yangu."

Akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini yale ya beseni nadhani ningeyazoa kwa ulimi kama angeniruhusu.

Ofisini mkurugenzi alikuwa ameshapata habari. Kontra ilikuwa mezani, imechapwa, ina muhuri, na kalamu juu yake.

"Bamefika, si bamefika? Bote tisa. Basi tulitangulia tu kidogo. Usiseme kitu kwenye antene, mutoto yangu. Mugeni anaondoka kesho na rapoti muzuri. Tia sinyatire, tuendelee."

Nilivyoitamani karatasi ile Mungu anajua. Miaka minne. Niliishika kalamu. Nilikuwa naogopa kutia sahihi na naogopa kutotia, na kati ya hofu hizo mbili nikamwona yule mwenye kiredio, kifudifudi, akisikiliza sauti yangu tamu. Nikamwambia mkurugenzi nitatia sahihi baada ya kipindi. Alivua miwani.

Saa kumi na moja sikupiga wimbo wa kinanda. Nilisema: "Jana nilisoma watu tisa kwamba wamefika. Hawakuwa wamefika. Nilijua, na nilisoma. Walikuwa kilimani, na hakuna aliyekwenda kuwatafuta kwa sababu yangu. Naomba msamaha. Kuanzia leo nitasoma orodha mbili. Ya kwanza ni ya waliofika, na kila aliyefika atajisemea mwenyewe kwa sauti yake, kwenye simu, maneno mawili tu. Ya pili ni ya walioondoka na bado hatujawaona. Ukisikia mtu wako kwenye orodha ya pili, usikae nyumbani. Nenda paking." Nikaisoma ya pili mara mbili. Kioo cha studio kilikuwa mbele yangu na nilimwona mkurugenzi upande wa pili, ameweka mkono juu ya macho.

Kontra alipewa yule wa michezo. Sikushukuriwa, kwa sababu hapakupatikana mtu mwingine wa kusoma vifo, na pia kwa sababu mkufunzi aliandika katika rapoti yake sentensi moja ambayo mkurugenzi hajawahi kunionyesha. Niko mwaka wa tano wa ustajeri. Wimbo wangu ukianza, mwiko unasimama tena ndani ya sufuria, na yule mwuza nyanya ananiuzia kwa haraka ili niondoke. Zile sauti za watu wakisema "nimefika," wengine wakihema, wengine wakicheka, zinasikika vizuri sana hewani. Lakini mji unangojea orodha ya pili.

Jirani yangu hakunisalimia kwa miezi miwili. Mguu wa kijana ulipopona akarudi Kasenyi, maana makayabo hayapandi kilima yenyewe. Alhamisi ya kwanza nilipita asubuhi nikaliona beseni mlangoni, limejaa hadi ukingoni. Saa kumi na nusu sauti ya kijana haikuwa kwenye simu. Saa kumi na moja nikasoma orodha ya pili, na jina lake lilikuwa la kwanza. Nililisoma mara mbili, kisha nikamwachia mwenzangu mbuzi na kadi zilizopotea, nikatoka mbio.

Paking ilikuwa imejaa. Wamama walikuwa wamemzunguka mtu wa kreti, wote wakisema kwa pamoja, na yeye ameziba masikio kwa daftari. Jirani yangu alikuwa mstari wa mbele. Alinigeukia, akanitazama kutoka viatu hadi kichwa, na haya yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile.

"Weye unakuja kutuliza batu?"

"Hapana, mama. Ninakuja kungojea na ninyi."

Akasogea kidogo, akaniachia nafasi kando yake.

"Basi usisimame hivyo. Piga kelele."

Nikapiga kelele.